Bustani ya mteremko yenye bwawa na maporomoko: ya kwanza ilibomolewa na masika, ya pili naijenga mbele yenu (Morogoro)

Mpanda Ngazi (mleta uzi)

Habari za humu wakuu.

Kiwanja changu kiko Bigwa, hapa Morogoro, kwenye kiuno cha mlima. Kutoka barazani hadi uzio wa chini ni mita 22, na nilipopima kwa mpira wa levo nikakuta nashuka mita 3.3. Kila ukienda mita 10 umeshuka mita moja na nusu. Mama mkwe akija kututembelea anashuka kiubavu kama kaa.

Nilitaka sehemu tambarare ya kuweka viti, na pembeni yake bwawa lenye maporomoko. Fundi akaniambia hilo dogo: tunapandisha ukuta mmoja wa tofali huko chini, mita 2.2, tunamwaga kifusi nyuma yake, tunasawazisha, bwawa la zege tunaliweka juu. Mafuso yakaingia, na baada ya wiki tatu tulikuwa tunakunywa soda huku maji yanaporomoka. Picha nilituma mpaka kwa watu nisiosalimiana nao.

Kufika Novemba bwawa likawa linapungua kila siku. Nikasema ni jua, nikawa naongeza maji asubuhi kwa bomba. Machi ukuta ukatoa kitambi. Aprili, usiku wa mvua ya kumwaga, nilisikia mlio kama wa lori linalomwaga kokoto, na kulipokucha nusu ya bustani yangu ilikuwa kwa jirani, imefunika matuta yake ya mchicha na banda la bata. Bata walipona.

Na asitokee mtu hapa kuniambia habari za usipoziba ufa. Nimeshaambiwa na jirani, na mke wangu, na muuza saruji.

Sasa naanza upya. Kabla sijachimba nataka wenye uzoefu mnishauri, mniponde pia ikibidi.

Kijana wa Sokoni

Naweka kiti hapa. Picha ya bata tafadhali.

Saidia Fundi

Pole sana mkuu. Nimebeba zege miaka kumi na mbili na hadithi yako naijua hata kabla hujaimaliza. Jibu maswali matatu. Kifusi kilishindiliwa au kilimwagwa tu? Ukuta ulikuwa na matundu ya kutolea maji? Na bwawa lilikaa juu ya kifusi au juu ya ardhi ya asili?

Mpanda Ngazi

Kilimwagwa. Haukuwa nayo. Juu ya kifusi.

Saidia Fundi

Basi masika umeyasingizia.

Kifusi kisichoshindiliwa kinaendelea kushuka chenyewe kwa miezi. Bwawa lako lilikuwa na ukubwa gani? Tuseme mita 4 kwa 2.5, kina cha wastani sentimita 60. Hapo ni mita za ujazo 6, sawa na tani 6 za maji, bado hujahesabu zege lenyewe. Umeziweka juu ya kitu kinachozama. Sakafu ikapasuka, ufa mwembamba tu usioupitisha hata ukucha, maji yakaanza kushuka kimyakimya kwenye kifusi. Yakafika nyuma ya ukuta, yakakosa pa kutokea. Udongo mkavu unausukuma ukuta kiasi chake, ila ukishajaa maji unausukuma udongo na maji kwa pamoja. Kile kitambi ulichokiona Machi ni maji yanatafuta mlango. Wewe mwenyewe ulikuwa unayaongeza kila asubuhi kwa bomba.

Siku nyingine bwawa likipungua, chukua ndoo, ijaze maji, iweke ndani ya bwawa juu ya ngazi au jiwe, maji ya ndoo na ya bwawa yawe usawa mmoja. Weka alama pande zote mbili, zima pampu, acha siku moja na usiku wake. Jua linakunywa ndoo na bwawa sawasawa. Bwawa likishuka kuliko ndoo, linavuja. Haina gharama.

Mpanda Ngazi

Nimesoma huu ujumbe mara tatu, mara ya tatu nikiwa nimesimama.

Mzee wa Matombo

Vijana shikamooni kwa kuturudisha nyuma. Natania, itikieni tu.

Nyinyi wa Bigwa mnakalia mlima wenye kesi ya zamani na ngazi. Wakati wa Mwingereza, miaka ya hamsini, Waluguru walilazimishwa kuchonga matuta ya ngazi mlimani kote, ikisemwa ni kuokoa udongo. Mwaka 1955 watu walichoka, kukawa na vurugu kule kwetu Matombo, polisi wakapiga risasi na mtu akafa. Siasa ilikuwemo, sikatai. Lakini wakulima walikuwa na hoja ya shambani kabisa: udongo wetu mzuri ni ngozi nyembamba juu ya mlima. Ukichonga ngazi ovyo, ngozi inafukiwa, na juu linabaki lile jekundu lisilootesha kitu. Mtu anatoa jasho miezi mitatu kutengeneza shamba ambalo mahindi yake yanamfika magotini.

Kwa hiyo wewe kabla hujachonga, kwangua udongo wa juu, ule mweusi, uweke pembeni ufunike. Chonga ngazi zako kwenye udongo wa chini. Ukimaliza, mrudishie kila ngazi ngozi yake. Kazi inakuwa mara mbili, najua.

Bint Machakos

Wazee wangu wa Tanzania, hamjambo? Huku Ukambani sisi hatuchongi ngazi kwa siku moja. Tunachimba mtaro unaofuata usawa wa kilima, kama sentimita 60 kwenda chini na 60 upana, na udongo tunautupa upande wa juu. Ndiyo maana inaitwa fanya juu, na jina hilo mpaka wazungu wanalitumia hivyohivyo kwenye vitabu vyao vya kilimo. Juu ya tuta unapanda majani. Kila mvua ikinyesha, udongo unaoteremka unakwama kwa tuta, na baada ya miaka kadhaa ngazi imejitengeneza yenyewe.

Kwa bustani ya nyumbani najua hutangoja miaka. Lakini wazo ni hilohilo, mwache mvua afanye sehemu ya kazi. Na kupata usawa huhitaji mashine: mbao mbili za mita mbili ziunganishe kama herufi A, funga ubao wa katikati, ning'iniza jiwe kwa uzi toka juu. Uzi ukipita katikati ya ubao, miguu yote miwili iko usawa mmoja. Piga kigingi, zungusha, endelea.

Mpanda Ngazi

Asante dada. Hiyo A nimeitengeneza leo jioni na mwanangu. Tumepiga vigingi kumi na vinne, tukagundua kuwa mstari ambao macho yangu yaliuona umenyooka unashuka sentimita 40 kutoka mwisho hadi mwisho.

Huu hapa mpango wangu mpya. Ukuta mmoja mrefu nimeufuta. Zitakuwa ngazi tatu, kila ukuta sentimita 90, jumla 2.7. Sentimita 60 zilizobaki nazigawa ngazi zenyewe ziwe na mwinamo mdogo. Kuta mbili za juu ni za mawe makavu, bila saruji. Ya chini, inayopakana na jirani, ni ya mawe na saruji, na safari hii ina matundu. Bwawa naliteremsha hadi ngazi ya chini, naichimba ardhi ya asili, sitalijengea juu ya kifusi tena. Maji yatapanda kwa pampu hadi ngazi ya juu na kurudi kwa mfereji wa mawe wenye vibirika, yaani vidimbwi vidogo vya njiani.

Saidia Fundi

Sasa tunaongea. Kwa ukuta wa mawe makavu wa sentimita 90, kitako kisipungue nusu ya kimo, na uulaze kidogo kuelekea mlimani, usiusimamishe kwa timazi kama ukuta wa nyumba. Jiwe la kwanza lizame ardhini. Mawe makubwa chini, na kila baada ya hatua moja na nusu hivi weka jiwe refu linaloingia ndani kabisa, lishike mlima. Nyuma jaza kokoto, siyo udongo. Kwa ule wa saruji, matundu kila mita moja na nusu, bomba la inchi 2 litatosha, na nyuma ya kila tundu rundo la kokoto lililozungushiwa kitambaa cha kuchujia ili udongo usizibe.

Kifusi kishindilie tabaka kwa tabaka, sentimita 15 mpaka 20. Fundi akikuambia "mvua itashindilia yenyewe", mlipe ya siku hiyo na muagane.

Kisimani

Mnazungumza ukuta na hamjazungumza maji ya juu. Mkuu, mvua ya paa lako inakwenda wapi?

Mpanda Ngazi

Inamwagika nyuma ya nyumba, halafu... inashuka bustanini. Nimeelewa unakoelekea.

Kisimani

Hesabu ni nyepesi. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Paa la mita 150 za mraba, mvua ya milimita 20 ya saa moja jioni, ni lita 3,000. Toa kidogo zilizorukia nje. Hizo zote zilikuwa zinakwenda nyuma ya ukuta wa mita 2.2 usio na tundu hata moja. Bwawa kuvuja kuliongezea tu.

Kwa hiyo anza na maji usiyoyataka, ndipo uje kwa yale ya kupendezesha macho. Gata zote ziingie kwenye tangi kule juu. Tangi likijaa, bomba lake la ziada lishuke ndani ya bomba hadi chini, lisimwage kwenye ngazi. Juu kabisa ya bustani chimba mtaro wa kukinga unaokata mteremko, uupe mwinamo mdogo tu, sentimita moja kwa kila mita, uutandike mawe, uelekee pembeni hadi mtaro wa barabara. Na usielekeze kwa jirani, huyo ana bata.

Faida yake ni kwamba hilo tangi la juu ndilo litakalojazia bwawa kwa mteremko tu, bila umeme. Bwawa la mita 10 za mraba kwenye jua kali linapoteza milimita 5 kwa siku au zaidi, hapo ni lita 50. Jerikeni mbili na nusu.

Mama Wawili

Samahani jamani, mimi nina mtoto wa mwaka na nusu. Mume wangu kaona huu uzi naye anataka bwawa. Mnamwambiaje?

Mpanda Ngazi

Dada mwambie asubiri. Mtoto wa umri huo hahitaji kina, maji ya kufika kifundoni yanamtosha kuzama, na wala hapigi kelele. Mimi wa kwangu ana miaka tisa, ila dada yangu huja na wadogo. Bwawa likikamilika nitafunga wavu wa nondo nyembamba sentimita chache chini ya uso wa maji, uegemee kingo zote. Hauonekani sana na unabeba mtu.

Kama anataka sauti ya maji tu, achimbie pipa ardhini, juu aweke wavu mzito, juu ya wavu mawe ya mtoni. Pampu inakaa ndani ya pipa, maji yanachirizika juu ya jiwe kubwa na kupotelea kwenye kokoto. Hakuna maji ya wazi, na mbu pia wanakosa pa kutagia.

Mawe Matatu

Niko Mwanza, huku kiwanja bila jabali ni cha kuazima. Nina kijito kinapita mpakani mwangu. Si bora nikichepushe kiingie bustanini moja kwa moja, pampu ya nini?

Kisimani

Usiguse mkuu. Sheria ya mazingira ya 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka kwenye chanzo cha maji, na kuchepusha mto kunataka kibali cha bodi ya maji ya bonde lako, kwa sheria ya rasilimali za maji ya 2009. Sheria ukiiweka kando, kijito kinachoimba kiangazi kinabeba mawe wakati wa masika. Ukikifungulia mlango kitaingia chote.

Na kwa kuwa uko Mwanza: usipande gugumaji eti lina ua zuri la zambarau. Ziwa lenu linalijua. Panda yungiyungi.

Mpanda Ngazi (mrejesho, wiki ya sita)

Wakuu, kazi imefika bwawani. Nimeacha zege, nimetumia turubai la bwawa, lile jeusi nene la wafuga samaki. Vipimo nilivyopiga: urefu wa bwawa, jumlisha kina mara mbili, jumlisha nusu mita ya kukunjia kila upande. Bwawa la mita 4 kwa 2.5 lenye kina cha sentimita 80 sehemu ndefu: 4 + 1.6 + 1 ni 6.6, na 2.5 + 1.6 + 1 ni 5.1. Chini nimetandaza mazulia chakavu ili mawe yasitoboe.

Nimejifunza kwa aibu kwamba kingo zote lazima zipimwe kwa pimamaji kabla ya kujaza. Kona moja ilikuwa chini kwa sentimita mbili, nikaona maji yanapotelea palepale, huku nimeshapanga mawe mazuri juu yake.

Pampu nayo. Kwenye boksi imeandikwa lita 6,000 kwa saa. Hiyo ni ukiilaza ikamwaga palepale ilipo. Maji yangu yanapanda mita 2.4 kupitia bomba la mita 14, basi nilikinga ndoo ya lita 20 kule juu nikahesabu: sekunde 24. Hizo ni lita 3,000, nusu ya boksi. Nikapunguza mdomo wa maporomoko toka sentimita 40 hadi 20, na hapo ndipo yakaacha kuchirizika ukutani kama jasho, yakawa pazia.

Umeme: pampu ni wati 110, naiwasha saa tano kwa siku, ni uniti 16 na nusu kwa mwezi. Bei za vitu msiniulize, mawe ya Bigwa si bei ya mawe ya Kigamboni.

Saidia Fundi

Umeweka kile kifaa cha kukata umeme ukivuja, cha miliampia 30? Maji, umeme na watoto peku. Hapo usibane matumizi.

Na jambo jingine kuhusu hilo turubai. Uko chini ya mteremko, masika maji ya ardhini yatapita chini yake. Usipoyapa njia, siku moja utakuta turubai limevimba katikati kama chapati. Fukia bomba lililotobolewa chini ya mazulia, litokee nje ya ukuta wa chini.

Mpanda Ngazi

Kifaa kipo. Bomba halikuwepo. Nimetoa maji yote leo. Sitaki kulizungumza.

Bint Machakos

😂 Pole sana. Umeme ukipotea je? Maji yaliyo kwa mfereji yanaenda wapi?

Mpanda Ngazi

Swali zuri, maana mara ya kwanza umeme ulipokatika bwawa lilifurika kwenye viatu vyangu. Mfereji una mita 8, upana sentimita 40, maji ya sentimita 4: ni lita 128, na zote zinarudi chini kwa mkupuo. Bwawa la mita 10 za mraba linapanda sentimita 1.3, na mimi nilikuwa nimelijaza hadi mdomoni. Sasa naliacha chini kwa sentimita 5, na kila kibirika nimekiinamisha nyuma kidogo ili kibaki na maji yake pampu ikizimwa. Mawe hayakauki, ndege wanakunywa.

Mama Vetiva

Hamjafika kwenye mimea, nami ndiyo kazi yangu.

Kingo za ngazi: vetiva, yale majani marefu ya kushika udongo, miche kila sentimita 15, mizizi yake inakwenda chini moja kwa moja mita mbili na zaidi, haitambai kumsumbua jirani. Ukitaka cha kunywa weka mchaichai, haushiki udongo kama vetiva lakini unajilipa. Chini ya bomba la ziada panda migomba na magimbi, hayo yanakunywa yote utakayoyamwaga. Miti mikubwa iwe mbali na kuta, mizizi ina nguvu kuliko saruji yako. Ndani ya bwawa yungiyungi kwenye beseni, likifunika nusu ya uso wa maji ukungu wa kijani unapungua.

Pembeni ya maporomoko, kwenye kivuli kinachorushiwa manyunyu, weka Saintpaulia. Ua hili Ulaya wanaliweka madirishani wakidhani ni la kwao. Lilichukuliwa kwetu Usambara na Mjerumani, Walter von Saint Paul-Illaire, mwaka 1892, na jamaa zake wapo hata Uluguru hapo juu yako. Usipande kwenda kuling'oa msituni, limebaki kidogo. Tafuta jani moja kwa mwenye nalo, lichomeke kwenye mchanga wenye unyevu, litaota.

Kijana wa Sokoni

Na mbu je? Au mtawapandia ua nao?

Mama Vetiva

Kwenye joto, yai linakuwa mbu ndani ya wiki moja na ushee. Viluwiluwi hawapendi maji yanayotikisika, ila vibirika vikituama pampu ikizimwa, ndimo watazaliana. Perege wadogo wachache bwawani wanawamaliza. Vibirika vimwage na kuvisugua kila wiki.

Mpanda Ngazi (mrejesho, Februari)

Perege kumi na watano. Yangeyange kashakula wanne, kenge nimemwona mara moja akiondoka na uso wa mtu asiyehusika. Nimepanga mawe makubwa chini ya maji wapate pa kujificha.

Tatizo jipya ni vyura. Wanaanza saa mbili usiku, wanapokezana zamu. Mke wangu ameuliza kama kuna swichi.

Mzee wa Matombo

Waache. Chura wa Kihansi alikuwa akiishi kwenye manyunyu ya maporomoko ya mto Kihansi tu, dunia nzima hana kwingine. Maji yalipopelekwa kwenye mitambo ya umeme mwaka 2000 manyunyu yakakatika, na 2009 akatangazwa kuwa ametoweka porini. Wamehangaika kufunga mabomba ya kunyunyizia ili wamrudishe. Wewe wako wamekuja wenyewe kwa miguu.

Mpanda Ngazi (mrejesho, Aprili)

Wakuu, jana usiku imenyesha ile yenyewe. Saa nane nilitoka na tochi na mwavuli usiosaidia. Mtaro wa juu unakwenda kasi, maji mekundu. Tangi limejaa, bomba la ziada linanguruma. Ngazi ya kwanza, ya pili, hakuna kitambi. Nikashuka kwenye ukuta wa jirani, nikamulika matundu moja baada ya jingine. Yako kumi na moja. Yote yanatoa maji meupe, kasoro la saba, kavu kabisa.

Nilisimama pale nikiliangalia hadi soksi zikalowa. Nikaweka kiganja ukutani, juu ya lile tundu, kuona kama kuna kinachosukuma.

Saidia Fundi

Halafu? Usituache hapo mkuu. Kitambaa kimeziba?

Mpanda Ngazi

Asubuhi nimeingiza mti wa fagio taratibu. Katoka chura, kaniangalia, karudi bwawani. Maji yakafuata.